AKIBA YA UBONGO: SHULE YA UTOTONI NA AFYA YA UZEENI

Demensia ni maradhi ya ubongo yanayodhoofisha kumbukumbu, fikra na lugha, hata mgonjwa akashindwa kujihudumia. Si uzee wenyewe, wala si uchawi. Nchini Marekani maradhi haya huwapata wazee Weusi zaidi kuliko Weupe. Je, sababu ni damu?

Utafiti unaonyesha kwamba sehemu ya tofauti hiyo huanzia darasani. Wazee Weusi wengi walisoma katika shule zilizotengwa kwa rangi, zenye vitabu vichache na muda mfupi wa masomo. Mahakama ya Juu ilitamka mwaka 1954 kuwa ubaguzi huo ni kinyume cha katiba. Tanganyika nayo ilikuwa na mifumo mitatu ya elimu: ya Wazungu, ya Waasia na ya Waafrika, hadi ilipounganishwa mwaka 1962. Mtoto aliyezaliwa Kikole, wilayani Kilwa, mwaka 1945, aliukuta mfumo huo. Shule za Waafrika zilitengewa fedha kidogo kuliko zote, na wengi waliobahatika kuingia waliishia darasa la 4.

Elimu huukingaje ubongo? Kusoma, kuhesabu na kujadiliana huimarisha miunganisho baina ya seli za ubongo. Maradhi yakiziba njia moja, ubongo hupitia nyingine, na dalili huchelewa kutokea. Uwezo huo huitwa akiba ya ubongo. Tena, elimu humwezesha mtu kupata kipato na kutunza afya yake, kwa mfano kudhibiti shinikizo la damu, ambalo nalo huchangia demensia.

Hata hivyo, ipo hadhari. Bibi wa Kikole ambaye hakupata kushika kalamu akiambiwa aandike sentensi atashindwa, ingawa ubongo wake ni mzima. Kipimo cha namna hiyo hupima shule, si maradhi. Ndiyo maana watafiti wilayani Hai, Kilimanjaro, walitunga kipimo kisichohitaji kusoma wala kuandika. Mzee huulizwa maswali kwa mdomo na kupanga njiti za kiberiti. Uchunguzi uliofanyika huko mwaka 2010 ulikuta demensia kwa wazee wapatao 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi.

Basi darasa bora la leo ni kinga ya miaka 60 ijayo. Akiba haiozi.

Zoezi
1. Eleza kwa nini tofauti baina ya makundi ya watu si lazima itokane na damu.
2. Tunga maswali matatu ya kupima kumbukumbu ya mzee asiyejua kusoma.