Jiko, hita au blanketi: maswali ya msimu wa baridi Mbeya na Iringa

Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa imepita mita 1,500. Kati ya Juni na Agosti usiku huwa hauna mawingu, joto la mchana hupotea lote angani, na alfajiri ya Uyole, Mafinga au Makambako humkuta mtu amejikunyata chini ya mablanketi mawili. Juu Kitulo, kwenye mita 2,600 hivi, kuna siku nyasi huamka zimefunikwa na sakitu. Nyumba zetu nyingi hazikujengwa kwa ajili ya baridi hiyo. Wanaolala kwenye kabini za malori na kwenye mahema hawana nafuu yoyote. Ndiyo maana miezi hii huja na habari za watu walioingia kulala na jiko la mkaa, asubuhi majirani wakavunja mlango.

Kabla ya kununua au kuwasha chochote cha kukupa joto, jiulize: kinachowaka kinavuta hewa kutoka wapi, na kinachobaki baada ya kuungua kinatokea wapi? Kama jibu la yote mawili ni "humuhumu ndani", hicho si chombo cha kulala nacho.

Mkaa ukishakolea hauna moshi. Sasa hatari inatoka wapi?

Inatoka hapohapo kwenye mkaa uliokolea. Chungulia jiko lenye moto mkali gizani: utaona vindimi vya bluu vikicheza juu ya makaa. Kinachoungua pale ni kaboni monoksaidi, gesi inayotengenezwa katikati ya makaa ambako hewa ni haba. Moto unapopoa, vindimi vile hupotea lakini gesi huendelea kutoka, safari hii bila kuungua. Kwa hiyo jiko lililofunikwa majivu usiku wa manane, lile tunalodhani limeshakwisha nguvu, bado linamwaga sumu chumbani.

Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Ikiingia mwilini hung'ang'ania kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mapafu yanaendelea kupumua vizuri huku ubongo na moyo vikinyimwa hewa. Aliyelala haamki kwa kukohoa. Usingizi wake unazidi tu kuwa mzito.

Aina ya mkaa haibadilishi jambo hili. Uwe wa miombo, wa miwati ya Njombe, au mkaa mbadala wa maranda na makaa ya mawe, unaweza kuwa mzuri jikoni, lakini chumba cha kulala si mahali pake.

Je, tukiacha dirisha wazi kidogo, au tukiweka sufuria ya maji juu ya jiko?

Maji hayanyonyi gesi hii. Sufuria itakupa mvuke na maji ya moto, basi. Kunywa maziwa kabla ya kulala nako hakukingi chochote.

Dirisha lililoachwa wazi kwa upana wa vidole viwili hupunguza sumu siku yenye upepo na huenda lisisaidie kitu siku iliyotulia. Usiku uleule, chumba kilekile, hali hubadilika kutokana na upepo, wingi wa mkaa na idadi ya watu. Hakuna kipimo cha dirisha ninachoweza kukupa nikawa na amani. Na dirisha likifunguliwa kiasi cha kutosha kweli, joto lote limeshatoka na jiko halina kazi tena.

Mbona bibi zetu walilala na moto miaka yote?

Walilala kwenye nyumba za nyasi zilizopumua: paa lenyewe lilipitisha hewa, na kati ya ukuta na paa palikuwa na upenyo mkubwa. Tena moto wao ulikuwa wa kuni, na moshi wa kuni humkera mtu mapema akatoka nje. Hata hivyo hawakusalimika kabisa. Macho mekundu na vifua vya wazee wengi ni kazi ya moshi ule.

Leo tunajenga kwa tofali, tunapiga dari, tunaweka madirisha ya vioo yanayobana, kisha tunachomeka kanga chini ya mlango ili baridi isipenye. Tumeziba njia zote, halafu tukaingiza mkaa. Anayetaka moto wa ndani ajenge meko yenye dohani inayotoka juu ya paa, kama zilivyo nyumba nyingi za zamani za mashamba ya chai Mufindi, na ahakikishe dohani haijaziba kwa masizi au kiota cha ndege.

Kuna mtoto mchanga ndani. Bila jiko si atapata kichomi?

Hili ndilo linaloniumiza zaidi, maana jiko hilo huwekwa kwa mapenzi. Mama mkwe amekuja kumhudumia mzazi, anaona mtoto ana baridi, analeta jiko karibu na kitanda na kufunga mlango. Kumbe walio hatarini kuliko wote chumbani ni hao wawili anaowalinda. Mjamzito naye yuko vilevile, kwa sababu gesi hupita hadi kwa mtoto tumboni na hukaa humo kwa muda mrefu kuliko kwenye damu ya mama.

Joto salama la mtoto mchanga ni kifua cha mama yake. Mtoto avuliwe nguo, abaki na nepi, kofia na soksi, alazwe ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama, kisha wote wawili wafunikwe. Huduma hii ya kangaruu hutumika kwa watoto njiti, ambao hupoteza joto haraka kuliko mtoto mwingine yeyote. Shirika la Afya Duniani linashauri pia mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24 tangu azaliwe, kwa kuwa kuoga mapema kunamshusha joto. Shangazi na bibi wa Mbeya na Iringa wakiyasikia haya mawili kliniki pamoja na mkwe wao, jiko litabaki uani bila ugomvi.

Na jiko la uani bado lina faida. Chemsha maji hukohuko nje, yaache yapoe kidogo, yajaze kwenye mpira wa maji ya moto, uufunge vizuri na kuuzungushia kitambaa, kisha upashe nao kitanda kabla watu hawajaingia. Mtoto anapolazwa, mpira uwe umeondolewa.

Nikinunua hita ya umeme, nichukue ipi?

Hita ya umeme haichomi kitu, hivyo haitoi gesi hii. Kwa nyumba yenye umeme wa uhakika, hiyo ndiyo chaguo langu la kwanza. Yenye feni hupasha chumba haraka na kelele zake utazisikia. Ile nzito yenye mapezi, iliyojaa mafuta yasiyoungua, huchelewa kupata moto lakini hubaki na joto hata ikizimwa, na haina waya mwekundu wa kuunguza shuka. Usimwamini muuzaji anayesema moja "haili umeme". Wati 2,000 ni wati 2,000. Zikiwaka saa 8 mfululizo zimekula uniti 16 za LUKU. Mteja mdogo aliye kwenye bei nafuu ya TANESCO ana ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, na kwa mwendo huo siku ya tano ameuvuka na kuanza kulipa bei ya juu. Chumba cha futi 10 kwa 12 chenye dari hutosheka na wati 1,000 hadi 1,500. Chukua yenye kirekebisha joto na inayojizima ikianguka, ipashe chumba saa moja kabla ya kulala, kisha izime.

Hita ya wati 2,000 huvuta karibu ampea 9. Ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Ekstensheni ya waya mwembamba, ile inayobeba simu, redio na taa, itapata moto na kuyeyuka chini ya zulia. Nguo zikae umbali wa mita moja, na usianike nepi juu yake.

Hita ya mtungi wa gesi je?

Inafaa sebuleni jioni watu wakiwa macho na hewa inapita. Si ya kulala nayo. Nayo hula oksijeni ya chumba, na moto wake ukiwa wa njano badala ya bluu inatoa kaboni monoksaidi. Kila kilo ya gesi inayoungua hutoa pia maji kama lita moja na nusu kwa njia ya mvuke, ndiyo maana kuta hulowa. Ikivuja, gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni, kimo cha godoro la chini.

Nalala kwenye kabini ya lori Tunduma. Nifanyeje?

Dereva na utingo wake wanaosubiri foleni ya mpakani wana chumba kidogo kuliko vyote, na jiko dogo la mkaa huijaza kabini sumu kwa muda mfupi mno. Kuacha injini ikiunguruma usiku kucha hula lita 2 hadi 3 za dizeli kwa saa, na bomba la moshi likiwa limetoboka, moshi hupanda hadi kitandani.

Baadhi ya malori yanayotoka Ulaya huja na hita ya dizeli ya kutumika lori likiwa limeegeshwa, kama zile za Webasto na Eberspächer. Hiyo huvuta hewa ya kuunguza kutoka nje na kutoa moshi nje kwa bomba lake, na ndani hupuliza hewa safi iliyopashwa tu. Huchoma dizeli isiyofika nusu lita kwa saa na hutumia umeme kidogo wa betri. Kama lori lako linayo, fundi akague bomba la moshi na maungio yake kabla ya Juni. Hita ya umeme ya nyumbani kupitia inveta usijaribu: wati 2,000 kwenye mfumo wa volti 24 wa lori ni zaidi ya ampea 80, na betri zitakwisha muda mrefu kabla ya asubuhi.

Na sisi tunaopiga kambi Kitulo?

Ndani ya hema hakuna moto unaokubalika, hata jiko la gesi la kupikia. Tena baadhi ya hita za gesi zenye kihisi cha oksijeni hujizima zikifika kwenye mita 2,100 hivi, na Kitulo iko juu zaidi ya hapo. Beba mkeka wa sponji wa kutenganisha mwili na ardhi, kwani baridi kali hutoka chini; blanketi la tatu juu yako halina faida kama chini yako kuna turubai tupu. Mitumba ya soko la Mwanjelwa, Mbeya, ina kofia za sufu na soksi nzito kwa bei ya kawaida. Wenye gari la kulala watumie hita ya dizeli ileile ya malori, na waweke king'ora cha kaboni monoksaidi karibu na kichwa cha kitanda, chenye alama ya EN 50291. King'ora cha moshi hakiitambui gesi hii.

Nitajuaje kuwa imeshatupata, na nifanye nini?

Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu imelegea, akili haikai sawa. Wengi hudhani ni malaria au chakula kibaya. Dalili kuu ni hii: zaidi ya mmoja anaumwa kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu.

Fungua milango, watoe watu nje kwanza, jiko baadaye. Usikae ndani ukitafuta vitu; waokoaji nao huanguka. Aliyezimia lakini anapumua mlaze ubavu, usimnyweshe chochote, na piga 114 kwa Zimamoto au tafuta gari la kumfikisha hospitali. Kwa hewa ya kawaida mwili huchukua saa 4 hadi 6 kupunguza sumu hiyo kwa nusu. Kwa oksijeni ya hospitali ni kama saa moja na nusu au chini. Mkifika, mwambieni daktari moja kwa moja kwamba mlilala na jiko. Kipimo cha kubana kidoleni hakitofautishi gesi hii na oksijeni, hivyo kinaweza kusoma namba nzuri kwa mtu aliye hatarini. Na wote waliolala chumba hicho wapimwe, hata anayesema hajambo.