Mche Safi na Mche Kinzani: Istilahi za Ukuzaji Tishu wa Migomba Kisii na Nyamira

Utangulizi

Anayedamkia soko la Daraja Mbili mjini Kisii, au lile la Keroka mpakani mwa Kisii na Nyamira, hukuta mikungu ya ndizi, ambazo Abagusii huziita amatoke. Kwa familia nyingi za huko, mgomba ni chakula na pia ni karo ya watoto. Mwaka 1997, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ya Kenya (KARI, ambayo sasa ni KALRO) ilianza mradi wa kuwafikishia wakulima wadogo nchini migomba iliyokuzwa kwa tishu maabarani. Makala haya yanajadili kosa moja la lugha linaloandamana na miche ya aina hiyo, yaani kuuita mche safi "kinzani". Hoja yetu ni kwamba kosa hilo humtia mkulima hasarani.

Kazi ya Maabara

Kwa desturi, mkulima hung'oa chipukizi shambani mwake au kwa jirani. Chipukizi hilo huweza kubeba fukusi, minyoo ya mizizi na kuvu wa ugonjwa wa Panama. Maabarani, huchukuliwa kiini kidogo cha chipukizi la mgomba usio na ugonjwa, kikasafishwa na kuoteshwa chupani penye lishe na homoni. Kiini kimoja huzaa miche mingi inayofanana na mama yake. Kwa kuwa virusi huweza kusalia ndani ya kiini, mgomba mama hupimwa kwanza.

Neno la kuzingatia hapa ni kufanana. Mama akiwa dhaifu mbele ya ugonjwa, mtoto naye ni dhaifu. Mche wa Gros Michel, ambao wengi nchini huuita Kampala, hata ukitoka maabarani utanyauka ukipandwa katika udongo wenye kuvu wa Panama. Vivyo hivyo, mnyauko wa bakteria, uliogunduliwa Uganda mwaka 2001 na magharibi mwa Kenya mwaka 2006, huuambukiza mgomba uliotokana na mche safi kupitia panga chafu au wadudu wanaozuru maua.

Chanzo cha Ukinzani

Ukinzani hurithiwa. Hata hivyo, migomba mingi ya chakula ina seti tatu za kromosomu, hivyo ni nadra kutoa mbegu. Watafiti nchini Uganda wameizalisha migomba ya matoke kwa chavua ya Calcutta 4, jamaa yake wa porini mwenye ukinzani dhidi ya ugonjwa wa madoa meusi ya majani. Mbegu chache zinazopatikana huota kwa shida udongoni. Kwa hiyo viinitete hutolewa na kuoteshwa chupani. Hapo ukuzaji tishu huwa mkunga wa ukinzani, wala si mzazi wake.

Hitimisho

Tunapendekeza "mche safi" utajwe kwa maana ya mche usio na ugonjwa siku ya kupandwa, na "mche kinzani" kwa ule uliorithi uwezo wa kuushinda ugonjwa fulani. Mkulima akielezwa tofauti hiyo, atajua kuwa mche safi hudai shamba safi: panga lipitishwe motoni, ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda, na mgomba ulionyauka ung'olewe. Asipoelezwa, atanunua miche, ataipanda penye ugonjwa, kisha atailaumu sayansi. Wanafunzi wa Kiswahili ndio watakaotafsiri maelezo kama hayo. Nao wajue kwamba neno lisilo mahali pake huweza kuteketeza shamba zima.