Talaka Imetoka, Karatasi Hazijasikia

Hakimu anaposema ndoa imevunjwa, ni kitu gani hasa kinachobadilika? Nyumba ya Buswelu, hapa Mwanza, iko palepale. Mtumbwi uko majini na injini yake, na akiba ya benki haijapungua hata shilingi. Kilichobadilika hakishikiki: ni uhusiano wa watu wawili, basi.

Kumiliki nako ni uhusiano. Kiwanja hakimjui mwenyewe. Tukisema ni cha fulani, maana yake watu wengine wote, serikali ikiwemo, wamekubali kumwachia fulani akijenge, akiuze au akirithishe. Makubaliano ya watu wengi kiasi hicho hayawezi kukaa vichwani, kwa hiyo tumeyaandika: ardhi kwa msajili wa hati, bodaboda TRA, leseni ya uvuvi halmashauri, michango ya kazini NSSF au PSSSF. Kila karatasi ni kauli iliyotolewa siku fulani mbele ya ofisi fulani, na ikishaandikwa haijirekebishi.

Watu wa ufukweni wanalijua hili kwa macho. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964. Maji yakaingia mialoni na kwenye nyumba za watu, lakini ramani za viwanja hazikulowa: palipojaa maji ya magoti, kwenye faili paliendelea kuwa nchi kavu. Talaka nayo inapita namna hiyo. Mahakama inatoa amri, RITA inasajili talaka, lakini hakuna anayetumwa kuzunguka ofisi nyingine kuzipa habari. Kazi hiyo ni yako.

Ukiwa hai, uzembe huu unavumilika, kwa sababu mtu akikosea utamsahihisha. Ukifa, zinabaki karatasi peke yake kukusemea, nazo zitasema ulichosema mwisho, hata kama ulikisema miaka kumi kabla ya kuachana.

Chukulia mama anayechuuza dagaa Mwaloni, Kirumba, na mume mwenye mitumbwi miwili. Wamepita baraza la usuluhishi la kata, wamekwenda mahakamani, ndoa imevunjwa. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali waliyochuma pamoja. Kuchuma huko si kwa fedha tu. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa hoja kwamba alikuwa ameshatumia vibaya fedha alizopewa na mumewe. Ushindi uliwaendea waliokuja baada yake.

Tuseme huyu wetu amepewa nyumba. Amri ya mahakama inampa haki ya kudai hati ibadilishwe, yenyewe haiibadilishi. Akiiweka amri kabatini, daftari la ardhi litaendelea kusoma jina la zamani, na siku atakayotaka kukopa au kuuza ataulizwa huyu mwingine yuko wapi.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitazami, nami naliona kubwa kuliko wosia wenyewe. Hati yenye majina mawili inaweza kuwa ya aina mbili. Katika umiliki wa hisa, kila mmoja ana sehemu yake, nusu kwa nusu au vyovyote walivyoandika, na akifa sehemu hiyo inaingia kwenye mirathi yake. Katika umiliki wa pamoja, hakuna sehemu: wote wawili wanashika kitu kizima, na mmoja akifa aliyebaki anakuwa nacho chote. Sheria ya Ardhi ya 1999 imeuweka umiliki huu wa pili hasa kwa wanandoa, isipokuwa mahakama iruhusu vinginevyo. Fuata hesabu hadi mwisho. Tuseme sasa nyumba wameachiwa wote wawili: kama hati yao ni ya pamoja, na hakuna aliyekwenda kuivunja baada ya talaka, mume anaweza kuandika wosia mzuri wa kuwaachia watoto nusu ya nyumba, na wosia huo ukakosa cha kushika, maana kwenye daftari hakuna nusu. Toa hati kwenye bahasha usome ni ipi. Ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, usomewe na anayekielewa.

Ndiyo maana mali hutangulia na wosia hufuata: unarithisha kilicho chako tu.

Kuhusu wosia, Tanzania ina njia tatu, na mahakama huangalia marehemu aliishi vipi ili kujua ifuatwe ipi. Ya kwanza ni ya Kiislamu, na humo talaka inafanya kazi kubwa yenyewe: eda ikiisha, mtalaka si mrithi tena. Katika talaka rejea, mume akifa eda haijaisha, mke bado anarithi. Na anayependa kumwachia mtalaka wake kitu anaweza kumuusia, mradi wosia wote usizidi thuluthi ya mali.

Njia ya pili ni sheria ya mirathi ya India ya 1865, ambayo India yenyewe iliiacha mwaka 1925 na sisi tumebaki nayo. Hiyo inafuta wosia mtu anapooa au kuolewa. Kuhusu kuachana haina neno. Jina la mke wa zamani likiwemo, linabaki. Uingereza walibadili sheria yao mwaka 1982 ili talaka imwondoe mtalaka kwenye wosia. Sina hakika kwamba tuwaige, kwa sababu hapa wako watu walioachana ambao bado mmoja anamwamini mwenzake kuwatunzia watoto mali kuliko anavyowaamini ndugu zake.

Ya tatu ni mila, kama zilivyoandikwa katika tangazo la serikali namba 436 la mwaka 1963. Kwa anayejua kusoma na kuandika, wosia wa maandishi unataka mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Kwa asiyejua, wanne, wawili na wawili. Asidhani mtu kwamba karatasi haina nguvu mbele ya ukoo. Mwaka 1990, Mahakama Kuu hapa Mwanza iliamua shauri la Holaria Pastory, mama wa Kihaya aliyeachiwa shamba na baba yake kwa wosia, kisha akaliuza kwa shilingi 300,000 baada ya kuzeeka bila mtu wa kumtunza. Mpwa wake alipinga kwamba mwanamke hauzi shamba la ukoo. Jaji Mwalusanya alisema anauza kama mwanamume.

Yaliyobaki ni mepesi, na kwa hiyo ndiyo husahaulika: fomu ya wategemezi kazini, bima ya afya, mrithi wa hisa za SACCOS, hati uliyompa mwenzako akusainie mambo ya kiwanja. Hii ya mwisho ifutwe kwa maandishi, na kila aliyewahi kuonyeshwa apewe taarifa. Watoto hawaguswi na lolote kati ya haya. Talaka inakata uzi wa mzazi na mzazi, wa mzazi na mtoto haukatwi. Ila wakiwa wadogo, wosia mpya umtaje atakayewashikia mali, vinginevyo kikao cha ukoo ndicho kitakachompendekeza.

Na kama wosia wa kwanza uliuhifadhi RITA, mpya usiishie nyumbani. Uanze kwa kusema unafuta wa zamani, uwe na tarehe, kisha nao upelekwe kulekule RITA.