Kuku akilalia mayai: mwongozo kwa wafugaji wa Sondu

Katika soko la Sondu, mpakani mwa kaunti za Kisumu na Kericho, kuku wa kienyeji ana wateja. Hasara hutokea nyumbani, hasa wiki 4 za kwanza baada ya mayai kuanguliwa. Mama hutoka na vifaranga 10, na mwezi ukiisha huenda wamebaki 3. Wengi humlaumu mwewe peke yake. Lakini kifaranga anayezurura na mama yake tangu siku ya kwanza huliwa pia na kicheche na paka, hulowa umande, hudonolewa na wakubwa na kunyang'anywa chakula. Ndiyo maana nasisitiza: mama na wanawe watengwe.

Kutenga kwenyewe kuanze mapema. Kuku akikesha kiotani, akivimbisha manyoya na kufoka ukimkaribia, yuko tayari kulalia. Ukimwacha wanapotagia wenzake, watamwongezea mayai kila siku, na ya mwisho yatakuwa hayajafikia kuanguliwa siku atakapoinuka. Mhamishe usiku, umweke kwenye boksi lenye nyasi kavu na majivu kidogo ya kuzuia utitiri. Mpe mayai 10 hadi 13, yasiyozidi siku 10 tangu kutagwa; akiwa na umbo dogo, mpe yale tu anayoweza kuyafunika. Chakula na maji viwe karibu, maana huinuka kwa dakika chache tu kwa siku.

Usiku wa siku ya 7, pima mayai. Shika tochi ya simu ndani ya ngumi, uache tundu dogo, kisha weka upande mpana wa yai juu yake. Lenye uhai huonyesha doa jeusi na mishipa myekundu iliyosambaa. Lisilo na kitu hung'aa lote. Hilo litoe. Kuku wawili wakianza kulalia siku moja, wataangua pamoja siku ya 21, nawe unaweza kumsogezea mmoja vifaranga wote usiku ule ule, mwenzake akarudi kutaga.

Na kama hutaki vifaranga? Mweke kuku anayetaka kulalia kwenye kizimba cha waya kilichoinuliwa, kisicho na nyasi, apate chakula na maji kwa siku 3 au 4. Kumtumbukiza kwenye maji baridi au kumfunga mguu ni kumtesa bure.

Kifaranga huanguliwa akiwa na akiba ya kiini cha yai tumboni, kwa hiyo usimwinue mama kwa haraka. Wakishakauka wote, wahamishie pamoja kwenye kibanda kidogo kisichopenyeka. Maji yawe kwenye kisahani chenye kokoto, wasizame. Chakula cha vifaranga cha dukani ni bora. Kikikosekana, mahindi yaliyoparazwa na omena iliyosagwa vitasaidia, na vifaranga hupenda sana mchwa pia. Chakula kiweke chini ya tenga lenye nafasi wanazopenya wao tu. Wiki ya 4, manyoya yakishaota, mrudishe mama kwa wenzake, vifaranga wabaki pale pale. Akiwalea miezi 3, muda wote huo hatagi.

Ugonjwa wa kideri ndio unaoweza kumaliza boma zima, na aliyekwisha kuugua haokolewi na chanjo. Muulize afisa wa mifugo lini vifaranga waanze kuchanjwa. Chanjo ya tone la jicho hurudiwa kila miezi 3. Chupa moja huwatosha kuku wengi kuliko wa boma moja, na dawa ikishachanganywa haiwekwi akiba. Basi majirani wapange siku moja, na chanjo ibebwe na barafu kutoka dukani.

Kuku uliyempeleka sokoni akakosa bei amekutana na kuku wa kila upande, na huenda akaleta ugonjwa. Ukirudi naye, mfungie peke yake wiki 2, mbali na vifaranga, na umlishe wa mwisho.