Jumatano: Sahani ya Mke wa Manoa

Soma Waamuzi 13:2-14. Mke wa Manoa alipewa maagizo gani kuhusu chakula na kinywaji? Kwa nini Manoa naye alitaka kuyasikia?

Samsoni alikuwa hajazaliwa, lakini Mungu alikwisha kujishughulisha na kile ambacho mama yake angekula na kunywa. Manoa hakuliona jambo hilo kuwa la wanawake tu. Aliomba afundishwe, naye akarudiwa maagizo yaleyale.

Katika nyumba nyingi za Bukoba na Muleba, mjamzito huhimizwa kula kwa ajili ya watu wawili, kisha sahani yake hujazwa ndizi. Ndizi hushibisha na kutia nguvu, ila peke yake haina protini wala madini ya chuma ya kutosha. Maharage, dagaa wa ziwani na mchicha ndivyo vinavyopungua, na mara nyingi samaki hutengewa baba. Kuhusu rubisi, fungu la 14 linatosha.

Miezi mitatu ya kwanza mwili hauhitaji nyongeza kubwa ya chakula. Kwa mimba ya mtoto mmoja, mama aliyekuwa na uzito wa kawaida hutarajiwa kuongezeka kilo 11.5 hadi 16. Aliyekuwa mnene, pungufu ya hapo. Aliyekuwa amekonda, zaidi kidogo. Basi apimwe kliniki kila anapohudhuria, wala asijinyime chakula kwa kuogopa kuzaa mtoto mkubwa.

Jadilini: Kama Manoa angekuwa mshiriki wa kanisa lenu, angebadilisha nini mezani kwake juma hili?