Ramani ya hewa haioni foleni ya Tunduma

Leo naomba tuzungumzie kitu ambacho kila mmoja wetu anakiingiza kifuani takriban mara elfu ishirini kwa siku, na hakuna anayeuliza kimetoka wapi. Nakusudia hewa.

Nafundisha madrasa hapa Tunduma, na madrasa yetu iko hatua chache tu kutoka barabara kuu ya kwenda Zambia. Anayeijua Tunduma anajua maana ya maneno hayo. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo hupanga foleni hapa, na siku nyingine mkia wake unapita Mpemba. Kituo cha pamoja cha forodha kati yetu na Nakonde, kilichozinduliwa Oktoba 2019 na Rais Magufuli na Rais Lungu, kilipunguza usumbufu wa makaratasi, lakini foleni tunaendelea kuiona. Lori linasogea mita kumi, linasimama. Dereva hazimi injini kwa kuwa anajua atasogea tena. Moshi unaingia darasani, na watoto wanaendelea na Juzuu Amma wakiwa wamejiziba pua kwa mitandio na kanzu.

Mwezi Julai 2024 mama mmoja alinijia baada ya swala ya Alasiri. Mwanawe ana pumu. Akaniambia, "Ustadh, sisemi kwamba madrasa ni mbaya, lakini siku akija huku usiku wake hatulali. Siku asipokuja, analala." Sikuwa na jibu. Kumwambia asimlete mtoto ni kumnyima elimu, na kumwambia aendelee kumleta ni kumfumbia macho.

Nikafanya wafanyavyo watu wa zama hizi: nikaingia kwenye simu. Nikakuta ramani za ubora wa hewa, dunia nzima imepakwa rangi. Kijani maana yake hewa safi, njano ni ya wastani, rangi ya chungwa ni hatari kwa watoto, wazee na wagonjwa wa kifua, nyekundu ni hatari kwa kila mtu, kisha zambarau na hudhurungi, ambazo Allah atuepushe nazo. Nikaitafuta Tunduma. Njano.

Nikaipeleka kwenye kamati ya msikiti nikiomba darasa lihamishwe. Mzee mmoja, mtu wa hekima na mzaha, akaishika simu yangu akaitazama, akasema, "Ustadh, tangu lini simu ikanusa hewa? Na hata kama inanusa, si yenyewe inasema njano, wastani? Sasa unataka tuvunje ukuta kwa sababu ya wastani?" Kikao kikacheka. Nami nikacheka, lakini nilirudi nyumbani sina raha, kwa sababu hoja yangu mwenyewe ilikuwa imenipiga.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza ramani ile kwa dhati, na ndiyo sababu ya makala haya. Naona wengi wetu mijini sasa tunazifungua ramani hizi, tukiona rangi nzuri tunatulia, tukiona mbaya tunatumiana kwenye makundi ya simu, bila kujua inasema nini hasa.

Suratul Hujurat, aya ya 6, inatufundisha kwamba ikitujia habari tuipeleleze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Ramani ni habari, na habari ina mleta habari. Nilipobonyeza jina la mji wetu sikukuta kituo cha kipimo. Nilikuta maneno madogo yaliyosema kwamba takwimu ni za makadirio. Makadirio hayo hutengenezwa na kompyuta kwa kuchanganya picha za setilaiti, hali ya hewa na hesabu za uchafuzi. Mfumo mmoja mkubwa wa namna hiyo, ule wa Umoja wa Ulaya uitwao Copernicus, huigawa dunia katika miraba ya kama kilomita 40 kwa 40. Fikiri ndugu yangu: mraba mmoja wa ukubwa huo unaweza kumeza Tunduma, Nakonde na mashamba yote ya pembezoni, kisha ukatoa namba moja. Moshi wa dizeli, kwa upande wake, huwa mkali kabisa kando ya barabara na hupungua sana ukisogea mita mia mbili au tatu. Kwa hiyo ramani haikusema uongo. Ilijibu swali ambalo mimi sikuwa nimeuliza. Niliuliza hewa ya darasa langu, ikanijibu hewa ya nusu ya wilaya.

Na hiyo njano yenyewe? Kinachopimwa zaidi ni chembe ndogo sana za moshi na vumbi, ambazo kwenye ramani huandikwa PM2.5. Upana wake ni kama sehemu moja ya thelathini ya unywele wa binadamu, ndiyo maana hazikamatwi na pua, zinashuka hadi ndani ya mapafu, nyingine zinaingia kwenye damu. Kwa vipimo vya Marekani vilivyorekebishwa mwaka 2024, ambavyo ramani nyingi huvitumia, njano huanzia mikrogramu 9 na kitu kwa mita moja ya ujazo hadi 35. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishauri isizidi 15 kwa siku moja, na wastani wa mwaka mzima usizidi 5. Kwa hiyo siku moja ya njano si jambo la kutisha, ila mji unaokaa kwenye njano mwaka mzima umeshavuka kiwango. Mzee wangu wa kamati alisoma rangi ya siku. Mtoto yule anavuta hewa ya mwaka.

Je, tuzitupe ramani hizi? Hapana. Kuna jambo ambalo zinalijua kuliko sisi. Kuanzia Agosti hadi Oktoba, wakulima wa pande zote za mpaka wanaposafisha mashamba kwa moto, moshi husafiri mbali. Setilaiti huuona. Shirika la anga la Marekani, NASA, lina ramani ya mioto inayoonesha palipowaka kwa nukta nyekundu, bure kabisa. Msimu huo upepo huku kwetu huvuma zaidi kutoka kusini mashariki. Ukiona nukta zimejaa upande huo na rangi ya mji imehama kutoka njano kwenda chungwa, basi hiyo ni habari ya kufanyia kazi: funga madirisha ya upande wa upepo, ahirisha mechi ya vijana, mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta mfukoni. Linganisha mji wako wa leo na mji wako wa jana, maana hapo makadirio husaidia zaidi kuliko kuitegemea namba moja iliyosimama peke yake.

Saa nazo zina hukumu yake. Huku nyanda za juu, asubuhi za Juni na Julai baridi hulala chini na hewa ya joto kiasi hukaa juu yake kama kifuniko cha sufuria. Moshi wa malori na wa majiko ya mkaa haupandi, unatambaa mitaani. Jua likipanda, kifuniko kinafunguka. Sisi tulikuwa na darasa la Jumamosi mara tu baada ya Alfajiri, tukijisifu kwamba watoto wanasoma katika hewa safi ya asubuhi! Anayefanya mazoezi ya kukimbia kandokando ya barabara saa hizo naye ajihesabu.

Wako watakaosema haya ni kukosa kumtegemea Allah, kwamba aliyeandikiwa kuugua ataugua. Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alielekea Sham, na alipofika mahali paitwapo Saragh, viongozi wa jeshi wakampa habari kwamba tauni imeingia huko. Hakupuuza, wala hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina akashauriana nao, kisha Ansari, kisha wazee wa Kiquraishi. Akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akajibu kwa maana kwamba anatoka kwenye kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah, akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeshuka bonde lenye pande mbili, moja ya kijani na nyingine kame: popote atakapochunga, atakuwa amechunga kwa kadari. Kisha Abdurrahman bin Auf (r.a.) akaja na hadithi ya Mtume (s.a.w.) inayokataza kuingia katika ardhi yenye tauni na kutoka humo kwa kuikimbia. Kisa kimo katika Bukhari na Muslim. Nilipokisoma upya mwaka ule, lile bonde lenye upande wa kijani lilinikalia moyoni.

Nikarudi kwenye kamati, safari hii bila simu. Nilitundika vitambaa viwili vyeupe vilivyoloweshwa, kimoja ukuta wa barabarani, kingine ukuta wa nyuma, kwa wiki mbili. Cha mbele kilitoka cheusi, cha nyuma kijivu. Nakiri kwamba kitambaa hakipimi zile chembe ndogo kabisa, lakini kinaonesha upande gani una balaa zaidi. Mzee alivishika vyote viwili kimya kimya, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Na ule moshi wa Ijumaa?" Kumbe kila Ijumaa asubuhi sisi wenyewe tulikuwa tunafagia uwanja wa msikiti na kuchoma takataka, mifuko na chupa za plastiki zikiwemo, ukutani mwa darasa. Mimi nilikuwa nawatazama madereva.

Darasa limehamia chumba cha nyuma. Dirisha la barabarani limezibwa. Takataka hazichomwi tena. Darasa la Jumamosi linaanza saa tatu. Tandiboi wawili watatu tuliowaomba walizima injini, wengine walitutazama tu. Yule mtoto bado ana pumu, ila mama yake anasema usiku umepungua makali. Kwa kina mama niseme jambo moja zaidi: hakuna ramani inayoona jikoni kwako, wala chetezo cha udi kinachofukizwa chumba kilichofungwa alimolala mwenye kifua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 3.2 kwa mwaka 2020 kutokana na moshi wa ndani ya nyumba.

Lililobaki ni kipimo cha kweli. Nchi yetu ina sheria ya mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za viwango vya hewa za mwaka 2007, lakini kanuni bila kifaa ni kama mizani isiyo na mawe. Kutegemea vifaa vya wageni nako kuna mwisho: Machi 2025 Marekani iliacha kutangaza vipimo vya balozi zake, Kampala ikiwemo. Waganda wana chao. Chuo Kikuu cha Makerere, kupitia mradi wa AirQo ulioanza mwaka 2015, kinatengeneza vifaa vya bei nafuu, vingine wanavifunga hata kwenye bodaboda. Nimependekeza kamati yetu inunue kimoja cha aina hiyo, kifungwe ukutani, ili Tunduma iwe na namba yake na Halmashauri ikiulizwa iulizwe kwa ushahidi. Mzee ameuliza kama fedha za wakfu wa madrasa zinaweza kununua kifaa cha kupimia moshi. Mimi naona inafaa, kwa kuwa kulinda vifua vya wanafunzi ni sehemu ya kulinda madrasa. Yeye anataka tumuulize sheikh wa mkoa kwanza. Tunaondoka Jumatatu kwenda Vwawa, inshaallah.