Sukari Isiyo Tamu: Istilahi za Lishe na Mapokezi Yake Mwakirunge

Utangulizi

Mjadala wa istilahi katika vyuo vyetu aghalabu hukomea kwenye uundaji wake: neno limetoholewa au limetafsiriwa, limeidhinishwa na nani, limeingia katika kamusi ipi. Ni nadra tukalifuata neno hadi linakofika na kuuliza limemfanya msikilizaji atende nini. Makala haya yanadhamiria kulifuata. Yanateua maneno machache yanayobeba matokeo ya utafiti wa lishe, hususan utafiti unaohusu chakula na ugonjwa wa kisukari, na kuchunguza yanavyopokewa Mwakirunge, eneo la Kisauni, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Ninashikilia kwamba utafiti wa lishe hauishii maabara. Hukamilika, au huharibika, katika sentensi ya mwisho anayoambiwa mgonjwa, na sentensi hiyo katika pwani yetu husemwa kwa Kiswahili.

Msomaji asiyeijua Mwakirunge huenda amelisikia jina lake kwa sababu ya jaa, kwani huko ndiko zinakomwagwa taka za Mombasa. Lakini kabla ya jaa palikuwapo, na pangalipo, minazi, mihogo, mahindi na kunde. Yamkini hapana mahali panapodhihirisha mabadiliko ya mlo wa pwani kama hapo: upande mmoja muhogo ardhini, upande wa pili chupa za soda na karatasi za biskuti zinazosimulia kile ambacho mji umekila. Mabadiliko haya si ya Mombasa pekee. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulibaini kwamba asilimia 27 ya Wakenya wa umri wa miaka 18 hadi 69 walikuwa na uzito uliopita kiasi au unene wa kupindukia, na miongoni mwa wanawake kiwango kilikuwa asilimia 38.5. Karibu watu 9 katika kila 10 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari ya damu maishani mwao. Kwa hivyo wengi hukutana na neno kabla ya kukutana na kipimo.

Ugonjwa na jina lake

Neno "kisukari" limeundwa kwa kiambishi ki-, ambacho tunakiona katika majina mengine ya maradhi kama vile kifafa, kipindupindu na kifaduro, na nomino "sukari". Si Waswahili pekee waliofuata njia ya utamu. Wagiriki wa kale waliuita ugonjwa huu kwa neno linaloashiria kupitisha maji, kwa kuwa mgonjwa hukojoa mno; baadaye madaktari wa Ulaya waliongeza neno la Kilatini lenye maana ya "wa asali". Lugha yetu imeliacha la mkojo na kulichukua la utamu. Katika mazungumzo ya kila siku hata kiambishi huangushwa, ikasemwa tu kwamba fulani "ana sukari", na sukari hiyo "imepanda" au "imeshuka", mithili ya maji ya bahari.

Jina hili linaeleza kwa usahihi kilichomo katika damu. Tatizo ni kwamba msikilizaji analisikia kama maelezo ya kilichomo katika kijiko. Bibi mmoja wa Mwakirunge, ambaye alikuwa ameagizwa ajiepushe na sukari, aliniambia kwamba kwa miezi kadhaa alikuwa akinywa chai ya mkandaa kavu kabisa, bila chembe ya utamu. Asubuhi aliinywa kwa muhogo wa kuchemsha. Mchana alikula sima, usiku wali. Kila alipopimwa, kipimo kilikuwa palepale. "Mimi sukari nimeiacha, mwanangu," akasema. "Yenyewe ndiyo haijaniacha."

Bibi huyu hakuwa mkaidi. Alitii agizo neno kwa neno, na utiifu huo ndio uliomponza. Hakuna katika neno "kisukari", wala katika agizo "acha sukari", panapodokeza kwamba muhogo, sima na wali ni sukari iliyofungwa. Wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi. Vimeng'enya vya mate huanza kuukata mdomoni na kazi humalizwa katika utumbo mwembamba; kinachoingia katika damu ni glukosi ileile, ingawa ulimi haukuonja utamu wowote. Kongosho hutoa insulini, homoni inayoziwezesha seli za misuli na mafuta kuipokea glukosi hiyo na kuliarifu ini liweke akiba. Katika aina ya pili ya kisukari, ambayo ndiyo ya wengi, seli huwa zimepunguza usikivu wake kwa insulini, na kongosho nalo hatimaye huchoka kulifidia pengo. Glukosi inayobaki ikizunguka huharibu taratibu mishipa ya macho, figo na miguu. Mgonjwa aliyeacha kijiko na kuendelea na sinia ya wali anaweza kuupoteza mguu huku akiamini kwamba ameshika masharti yote.

Mwanafunzi wa fasihi ataona jambo jingine hapa. Katika ushairi wa pwani na katika taarabu, sukari na asali ni lugha ya sifa. Mpenzi ni mtamu, maneno mazuri ni matamu. Ugonjwa uliopewa jina lenye sifa kama hizo huonekana kuwa adhabu ya anasa. Nimewasikia watu wakisema kuwa kisukari ni maradhi ya matajiri wa mjini, ilhali wao, kwa kula muhogo wa shamba lao wenyewe, wamesalimika. Utafiti uliofanywa na akina McLarty katika vijiji sita vya Tanzania, ukachapishwa mwaka 1989, ulikuta kweli kwamba kisukari kilikuwa kwa watu wasiofikia asilimia 1. Lakini wanakijiji wale walikuwa wakilima kwa jembe la mkono na kutembea kutwa. Muhogo wa mtu anayelima na muhogo wa mtu anayeketi dukani ni mmoja chunguni; mwilini haufanyi kazi moja.

"Punguza wanga"

Wauguzi wamejaribu kuliziba pengo hilo kwa neno "wanga". Kisayansi ni neno sahihi. Hata hivyo kamusi zetu huorodhesha "wanga" mbili, na ya pili, wingi wa "mwanga", ni watu wanaokwenda usiku kuwaroga wenzao. Mzee mmoja, alipoulizwa kama anaielewa kauli "punguza wanga", alijibu kwa uso mkavu: "Wanga tunao hapa, lakini hawapunguziki."

Mzee alikuwa akitania, nami sitaki kuikuza tashwishi hii kuliko inavyostahili. Muktadha wa hospitali huiondoa mara moja. Inafaa, hata hivyo, kuitazama kisarufi. Kiswahili huzitenganisha maana hizi mbili kwa upatanisho: wanga mwingi, wanga wengi, wanga upunguzwe, wanga wapunguzwe. Kauli ya bango, "Punguza wanga", ni amri tupu isiyo na kivumishi wala kiambishi cha mtendwa, na kwa hiyo inakinyima Kiswahili nafasi ya kutumia chombo chake bora cha kuondoa utata. Bango lingeandikwa "Wanga wa muhogo, sima na wali uwe robo ya sahani" lingekuwa limepatanisha, limetaja vyakula kwa majina na limetoa kipimo. Kipimo hicho ndicho ushauri wa kawaida wa sahani ya mgonjwa wa kisukari: robo ya wanga, robo ya protini, nusu ya mboga. Na mboga Mwakirunge hazikosekani. Mchicha, mnavu, kisamvu na mtsunga, ile mboga chungu ya Wamijikenda, huchumwa karibu na nyumba; kunde na mbaazi zina nyuzinyuzi na protini zinazochelewesha glukosi kuingia katika damu.

Nilipojaribu kuueleza wanga kama "sukari isiyo tamu", nilieleweka haraka kuliko kwa maelezo yoyote ya kabohidrati. Bibi tuliyemtaja alinyamaza kidogo, kisha akaanza kuvihesabu vyakula vyake kwa vidole.

Nyongeza na dawa

Hatari ya pili imo katika kitenzi "ongeza". Vidonge vya madini ya chuma tunaviita vya kuongeza damu; vingine ni vya kuongeza nguvu, kuongeza kinga. Kitenzi hiki kimekwisha kutoa hukumu kabla ya utafiti, kwa kuwa ni nani atakayekataa kuongezewa? Jibu lilitoka Pemba. Huko, katika jaribio kubwa lililohusisha zaidi ya watoto 24,000 wa umri wa mwezi 1 hadi 35, baadhi yao walipewa madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku. Agosti 2003 makundi yaliyokuwa yakipewa chuma yalisimamishwa, kwani watoto hao walikuwa wakilazwa au kufa zaidi kuliko wenzao. Matokeo yaliyochapishwa na Sazawal na wenzake mwaka 2006 yalikadiria ongezeko la asilimia 12. Pemba ya wakati huo ilikuwa na malaria nyingi. Watoto waliokuwa na upungufu halisi wa chuma walinufaika, na wasiokuwa nao ndio waliodhuriwa. Tangu hapo ushauri wa kimataifa umekuwa kwamba, penye malaria, chuma kitolewe pamoja na hatua za kuikinga na kuitibu malaria. Hayo yote hayamo katika "kuongeza damu".

Kuhusu kisukari na moyo, tofauti ya chakula na kidonge imejitokeza kwa namna nyingine. Mwaka 1996 Pauletto na wenzake walichapisha utafiti wa Lugalawa, kusini mwa Tanzania, uliowalinganisha wanakijiji wa ufuoni mwa Ziwa Nyasa, wanaokula samaki wengi kila siku, na wenzao wa milimani wanaokula mimea karibu pekee. Walaji samaki walikuwa na shinikizo la damu la chini zaidi, na mafuta ya damu yao yalikuwa na hali bora. Wengi walihitimisha kuwa siri ni mafuta ya samaki, na mafuta hayo yakatiwa katika vidonge. Uingereza iliwachunguza watu 15,480 wenye kisukari kwa wastani wa miaka 7 na zaidi, nusu wakipewa vidonge vya mafuta ya samaki na nusu mafuta ya zeituni. Matokeo ya mwaka 2018 hayakuonyesha tofauti ya maana katika maradhi ya moyo na kiharusi: asilimia 8.9 kwa 9.2. Mla samaki wa ziwani hakula samaki tu; alivuta kasia, na samaki alichukua nafasi ya kitu kingine sahanini mwake. Kidonge hakibadilishi sahani.

Somo hili ni muhimu kwa wanunuzi wa uwatu, habasoda, mdalasini na unga wa mlonge, ambao huuzwa mjini kama dawa za kushusha sukari. Uwatu na habasoda vimechunguzwa, na baadhi ya majaribio yalionyesha kupungua kwa glukosi. Lakini mengi yalikuwa madogo na ya muda mfupi. Neno "dawa" halina daraja. Linaitaja metformini, yenye kipimo na ushahidi wa miongo mingi, na linaitaja chupa isiyo na kipimo, kwa heshima ileile. Mgonjwa anayeziunganisha dawa za hospitali na za chupa bila kumwarifu daktari huenda akajikuta sukari imeshuka kupita kiasi, na huko nako kuna kifo. Mwarobaini hata umebeba idadi ya maradhi katika jina lake.

Chakula cha asili

Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha jaribio la Temba na wenzake, ushirikiano wa watafiti wa Moshi na wa Uholanzi. Wanaume 77 vijana na wenye afya, wa vijijini na mjini kaskazini mwa Tanzania, waligawanywa. Waliozoea mlo wa asili wa Kilimanjaro walikula mlo wa Kimagharibi kwa majuma mawili, na wa mjini wakageuziwa upande wa pili. Kundi jingine la mjini lilikunywa kinywaji cha ndizi kilichochachushwa kila siku kwa juma moja. Waliohamia mlo wa Kimagharibi walionyesha dalili za uvimbe wa ndani kwa ndani, mabadiliko ya umetaboli yanayohusishwa na maradhi yasiyoambukiza, na kinga iliyodhoofika katika kuvikabili vijidudu. Waliohamia mlo wa asili, na wanywaji, walielekea kinyume chake. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa yangali yakionekana majuma manne baada ya jaribio.

Ni habari njema, na ndiyo sababu inahitaji mfasiri mwangalifu. "Asili" ni neno la fahari, na Mwakirunge ni nchi ya wagema. Niliwasimulia wachache wao matokeo haya, nikatarajia wadai kwamba tembo la mnazi limethibitishwa kuwa tiba. Mmoja alidai hivyo, kwa kicheko. Mwingine aliuliza: "Hao waliokunywa walipewa kiasi gani, na pombe yao ilitengenezwa kwa nini?"

Nilimjibu kwamba walipewa kipimo maalumu kwa siku saba. Kwamba walikuwa vijana wasio na maradhi. Kwamba kinywaji chao kilikuwa cha ndizi, si utomvu wa mnazi, na vijidudu vinavyochachusha huenda visiwe vilevile. Hakuna sehemu ya jibu hilo iliyohitaji neno lisilokuwamo tayari katika Kiswahili chake. Akatikisa kichwa, akasema kwamba basi wao bado hawajapimwa, akashika kibuyu chake na kuupanda mnazi.